Siku Niliyomwamkia Mtani Wangu

Vijana wa maabara mmeniomba niandike machache kabla sijasahau, nami nimekubali kwa sababu nimestaafu na mume wangu amechoka kunisikiliza. Naitwa Skolastika Mapunda, Mngoni wa Songea. Kwa miaka thelathini na mitano nimeutazama mkojo wa watu wa Nachingwea na Ruangwa kupitia hadubini. Wapo watu wa wilaya hizi mbili ambao nikikutana nao sokoni siwakumbuki sura, lakini mkiniwekea slaidi zao nitawataja kwa majina. Habari za vyeo na mishahara sitaziandika. Vyeo vilichelewa, na mshahara wenyewe mnaujua.

Nilifika Nachingwea nikiwa na miaka ishirini na mitano, masika, baada ya siku mbili njiani kutoka Songea kwa kupitia Tunduru na Masasi. Basi lilikwama mara tatu, na mara zote tatu abiria tulishuka kulisukuma, kwa hiyo niliripoti kazini nikiwa na tope mpaka kwenye nyusi. Aliyenipokea alikuwa Mzee Chitanda, Mmakonde mfupi mwenye koti jeupe lililokuwa limegeuka rangi ya chai. Aliniangalia, akasema, "Wewe ndiye mtaalamu? Haya, nawa kwanza, tusije tukapima tope la Tunduru."

Maabara yetu ilikuwa chumba kimoja. Hadubini ilikuwa ya tundu moja, yenye kioo chini cha kuakisi mwanga wa jua, maana umeme ulikuja unapotaka wenyewe. Wingu likipita, kazi imesimama. Wagonjwa walizoea; walikaa kwenye benchi nje, na mmoja wao alikuwa akituambia kupitia dirishani, "Daktari, jua hilo linakuja, kaa tayari." Mashine ya kuzungusha mkojo ilikuwa ya kukoroga kwa mkono. Ndiyo maana mkono wangu wa kulia ni mnene kuliko wa kushoto mpaka leo, na mkisema ni uzee nitawakatalia.

Mzee Chitanda alinifundisha mambo ambayo chuoni hawakuyagusa. Kwanza, nisifumbe jicho la pili, nitachoka kabla ya saa nne. Pili, chupa aliyokuja nayo mgonjwa niiulizie ukoo wake. Watu walileta mkojo kwenye chupa za asali, za soda, za mafuta ya nywele. Kuna mama nilimwandikia kisukari cha kutisha, akalia, ndugu wakalia, mpaka Mzee Chitanda akainusa ile chupa na kuuliza jana ilikuwa na nini. Jana ilikuwa na soda ya machungwa.

La tatu lilikuwa la kichocho. Huku kwetu kichocho ni mwenyeji. Watoto wanaoga kwenye mabwawa na mito, mdudu anaingia kwa ngozi, anakwenda kukaa kwenye mishipa ya kibofu na kutaga mayai yenye mwiba mkiani. Enzi hizo mvulana akikojoa damu, wazee walisema amekua, wengine walifurahi kabisa. Sasa yale mayai hutoka kwa wingi kati ya saa nne asubuhi na saa nane mchana, na hutoka zaidi mtu akijitikisa kidogo. Kwa hiyo Mzee Chitanda alikuwa anawakimbiza wagonjwa kuzunguka jengo, raundi tatu, kisha ndipo anawapa kichupa. Siku yangu ya kwanza niliona wanaume saba na shehe mmoja wakikimbia kwa foleni, kanzu zimekunjwa mkononi, nikadhani nimepangiwa kazi jeshini.

Katika hao saba alikuwemo Hamisi Nangowe, Mmwera, mkulima wa korosho na ufuta wa Mkotokuyana. Alikuwa na miaka thelathini na saba, mrefu, sauti kama ya mnadi. Alipomaliza raundi zake akauliza huyu dada mgeni ni nani. Mzee Chitanda akamjibu, "Anaitwa Mapunda. Mngoni." Hamisi akapiga makofi kwa furaha. "Aka! Mwizi amejileta mwenyewe!" Akaingia ndani, akachukua mwamvuli wangu mpya niliokuwa nimeuegesha pembeni ya mlango, akaenda zake. Mvua ndiyo kwanza imeanza kunyesha. Mimi nikabaki nimesimama, machozi yananilengalenga, na benchi zima linanicheka.

Kwa wale mliopangiwa huku kutoka mbali, nieleze. Wangoni na Wamwera ni watani. Babu zetu sisi walikuja huku na mikuki kuwapiga na kuwaibia, na vita vilipokwisha ugomvi uligeuka kuwa matusi ya kupendana. Mtani anaweza kukuita mwizi mbele ya mkweo, anaweza kuchukua kitu chako na kwenda nacho, na ukikasirika aibu ni yako. Mtani huyo huyo ndiye atakayekuja kukuhangaikia ukifiwa. Hamisi alinizidi miaka kumi na miwili, kwa heshima ya kawaida ningepaswa kumwamkia shikamoo kila tukionana. Lakini kati yetu sisi wawili shikamoo haikupita tangu siku ya mwamvuli. Mimi nilimwita mla panya, maana kwao panya wa shambani ni kitoweo. Yeye aliniita mkimbizi wa Shaka, maana babu zetu walimkimbia mfalme huyo wa Wazulu.

Aliporudi kuchukua majibu yake nilikuwa nimeshajipanga. Nikatoka na karatasi, benchi limejaa, nikasoma kwa sauti ya kiserikali: "Hamisi Nangowe, mimba, miezi mitatu." Watu walicheka mpaka mlinzi akaja kuuliza kuna nini. Hamisi mwenyewe alicheka kuliko wote, akashika tumbo, akauliza baba ni nani. Karatasi yenyewe niliiandika sawasawa: kichocho, mayai kadhaa. Alipewa vidonge akapona. Lakini tangu siku hiyo ikawa desturi. Kila alipokuja, iwe malaria, iwe minyoo, mdomo wangu ulitoa jibu la uongo kwanza, karatasi ikatoa la kweli baadaye. Nimempa Hamisi mimba mara nne. Nimempa damu ya mbuzi. Nimempa minyoo iliyokuwa inazungumza Kizulu.

Mzee Chitanda alikuwa anatikisa kichwa. Siku moja aliniambia, "Skola, mdomo huo huo ndio utakaokuja kumpa habari mbaya. Umewaza?" Sikuwaza. Nilikuwa kijana, na benchi lilikuwa linacheka.

Sasa niandike kuhusu Issa, ingawa napenda kuruka hapa. Issa Nangowe alikuwa kaka wa Hamisi, baba mmoja mama mmoja, wamepishana miaka miwili. Wameoga bwawa moja, wamekojoa damu msimu mmoja, wamevuta tumbaku ya shamba moja kwa miaka yote. Mzee Chitanda alikuwa ameshastaafu, maabara naisimamia mimi. Issa alikuja na damu kwenye mkojo. Niliangalia slaidi, nikazungusha tena, nikaangalia tena. Nikaandika: damu nyingi, mayai hayakuonekana. Akapewa vidonge vya kichocho, kwa sababu mtu wa huku akikojoa damu ni nani atafikiria kingine? Baada ya miezi michache akarudi. Nikaandika vile vile, akapewa vile vile. Mara ya tatu hivyo hivyo. Nilikuwa naona chembe kubwa kubwa zenye kiini cheusi, hazikunipendeza, lakini nilijiambia kazi yangu ni kuandika, wa kuamua ni daktari, yuko chumba cha pili. Chumba cha pili ni hatua kumi kutoka mezani kwangu. Sikwenda kugonga.

Walipokuja kumfikisha hospitali ya rufaa saratani ya kibofu ilikuwa imeshatembea. Akafa. Msibani nilikwenda kama mtani, na mtani kazi yake msibani ni kutania ili wafiwa wapumue. Nikakaa kimya kwenye jamvi la wanawake. Hamisi akanifuata, macho mekundu, akasema, "Mngoni, vipi? Kaka yangu azikwe kimya kama hana watani?" Basi nikasimama, nikavaa kofia ya marehemu, nikatembea kama alivyokuwa anatembea, tumbo mbele, na kuwadai wajomba zake panya wa kukaanga. Watu wakacheka wakilia. Mimi nililia zaidi kuliko nilivyotania, na hakuna aliyejua kwa nini.

Kwa hiyo shikeni hili, na mkisahau mengine yote si neno. Mzee mwenye damu kwenye mkojo na mayai hamyaoni, msiandike tu. Nyanyukeni mezani mkagonge mlango.

Nilihamishiwa Ruangwa. Hapo hadubini ilikuwa ya macho mawili na umeme wake, nikajiona nimefika Ulaya. Hamisi alinifuata na huko. Alikuwa anapanda gari kutoka Nachingwea kuja kupima malaria Ruangwa, eti damu yake imezoea mkono wangu. Mwamvuli wangu hakuurudisha, nilipomuuliza alisema Mngoni hajawahi kuwa na mwamvuli tangu dunia iumbwe.

Miaka sita iliyopita ukaja utafiti. Daktari Neema, mwanamke mdogo, mwepesi, mwenye begi kubwa kuliko yeye, alitoka Dar es Salaam na vichupa vya kutemea mate. Alikuwa anauliza swali ambalo mimi nililibeba tangu msiba wa Issa: watu wameoga bwawa moja, wamevuta tumbaku moja, kwa nini huyu anapata saratani ya kibofu na yule hapati? Alitaka kuangalia vinasaba, yaani yale maelekezo ambayo kila mtu huzaliwa nayo kutoka kwa baba na mama. Nikaazimwa kumsaidia, kwa kuwa nawajua watu. Tukazunguka Narung'ombe, Chunyu, mpaka Mkotokuyana.

Kazi ilikuwa na vituko vyake. Kwanza mate. Mtu wa huku hakupi mate yake hivi hivi, hajui utayafanyia nini. Nilitema mimi kwanza mbele ya watu, kila kijiji, mpaka mdomo ukakauka. Pili ni ile fomu ya ukoo. Ilikuwa na nafasi nyingi za babu na bibi wa upande wa baba, na Wamwera ukoo wanauhesabu kwa mama. Ukiwauliza habari za wajomba wanakupa mpaka wa tano kwenda juu pamoja na ugonjwa uliomuua kila mmoja. Ukiuliza babu mzaa baba, mzee anakutazama. Hamisi alimwambia Daktari Neema, "Mwanangu, baba yetu alikuwa mgeni tu pale nyumbani. Habari za kwao ukawaulize kwao." Ikabidi tuwafuate kweli, maana vinasaba havijui kwamba baba ni mgeni.

Daktari Neema alieleza vizuri, lakini kwa Kiswahili cha chuo kikuu, ikawa mimi ndiye wa kukilainisha. Niliwaambia hivi. Mtu akivuta tumbaku, sumu inaingia mwilini, na ini linaishughulikia, kisha mabaki yanatolewa kwa mkojo. Sasa ini ni kama mtu anayeosha vyombo. Kuna anayeosha mara tu watu wanapomaliza kula. Kuna anayeacha masufuria mpaka kesho. Wote wamezaliwa hivyo, si uvivu. Lakini yule wa polepole, uchafu unakaa zaidi kwenye kibofu, na kibofu chenyewe kama kilishaparuliwa na kichocho tangu utotoni, hatari inaongezeka. Inaongezeka tu, siyo kwamba amehukumiwa. Na ndugu wawili wa tumbo moja wanaweza kupewa mikono tofauti ya kuosha.

Hamisi akaruka. "Basi ini langu mimi ni kama mke wangu Somoe, halilali na chombo kichafu. La marehemu kaka lilikuwa la Kingoni." Watu wakacheka. Mzee mmoja akauliza kama ni ile salfa wanayopulizia mikorosho, Daktari Neema akasema kwa ukweli kwamba hilo halijui. Nilimpenda kwa jibu hilo. Kisha Hamisi akatema mate yake, akamwambia, "Na haya ya Mapunda yapimeni vizuri. Mtaona yanakimbia."

Pamoja na mate tulichukua mkojo. Vinasaba vilikwenda mbali, na kwa utaratibu wa utafiti ule hakuna aliyekuja kuambiwa ini lake ni la namna gani, watu waliniuliza miaka miwili mizima, "Mate yetu yanasemaje?" Lakini mkojo niliupima mimi, pale pale, chini ya bati la shule ya Mkotokuyana. Nikafika kwenye kichupa cha Hamisi. Damu. Mayai hakuna. Nikasogeza slaidi taratibu, na hapo nikaziona zile chembe kubwa zenye kiini cheusi, zile zile nilizoziona kwa Issa. Nikamwita Daktari Neema akaangalia, naye akaziona.

Nikatoka nje. Hamisi amekaa kwenye dawati la mtoto, magoti yamemfika kidevuni, watu wamemzunguka. Nikamwambia, "Hamisi, mkojo wako una damu, na kuna vitu sijavipenda. Wiki hii nenda rufaa wakauangalie kibofu. Inaweza kuwa saratani."

Akanitazama. Kisha meno yote yakawa nje. "Yarabi! Leo amenipa saratani!" Akaligonga dawati. "Jamani, mimba nne mmezisikia, minyoo ya Kizulu mmeisikia, sasa mtani amepandisha bei!" Watu walikuwa hoi. Nikasema, "Sitanii." Wakacheka zaidi, maana hilo nimelisema mara ngapi kwenye utani? Daktari Neema akasimama akathibitisha, Hamisi akamnyooshea kidole. "Na wewe amekufundisha. Siku tatu tu umekaa naye!" Nikamwandikia barua ya rufaa, nikaigonga mhuri, nikamkabidhi mkononi. Akaipokea kwa mikono miwili, kwa adabu, na kila mtu akaona adabu hiyo ni sehemu ya mchezo.

Miezi miwili ikapita. Daktari Neema akanipigia: yule mzee hajafika. Nikampigia Hamisi, akapokea akicheka, nikamuuliza barua yangu iko wapi. "Ile barua nzuri," akasema, "karatasi yake laini kweli. Nimesokotea tumbaku." Barua yangu ya rufaa ya saratani ya kibofu, yenye mhuri wa serikali, mtani wangu aliivuta. Nikamwomba nizungumze na Bi Somoe. Naye akacheka. "Wifi, sisi tumeshakuzoea."

Nilikata simu nikakaa. Sijawahi kujichukia vile. Nilikuwa na hadubini nzuri, nilikuwa na jibu sahihi, na safari hii nilikuwa nimeinuka mezani nikaenda kugonga. Lakini mdomo wangu haukuwa na thamani tena kwa mtu mmoja tu duniani, na mtu huyo ndiye anayeumwa. Mzee Chitanda alikuwa ameshatangulia mbele ya haki, na nilimsikia kabisa akitikisa kichwa.

Jumamosi nilipanda gari hadi Nachingwea, kisha bodaboda mpaka Mkotokuyana. Njiani nilikuwa natunga maneno. Nilikuwa na picha ya slaidi kwenye simu, nilikuwa na barua mpya, nilikuwa na vitisho, nilikuwa na kisa cha Issa chote. Ulikuwa msimu wa korosho. Nikamwona kwa mbali amekaa uani na Bi Somoe, wamemwaga korosho kwenye turubai wanazichambua. Nyuma yao kuna banda la kuku, na juu ya banda, jamani, mwamvuli wangu. Kitambaa kilishakwisha zamani, wameuviringishia mfuko wa salfa, lakini mkono wa mbao niliutambua. Hamisi akaniona. Akasimama, akapaza sauti kijiji kizima: "Mwizi amefika! Ficheni kuku!"

Na mimi maneno yote niliyoyatunga yakapotea. Nikaenda mpaka mbele yake, nikavua viatu, nikapiga goti kwenye vumbi, nikainamisha kichwa. "Shikamoo, kaka."

Alikuwa ameshafungua mdomo aendelee kunitukana. Ukabaki wazi hivyo hivyo. Bi Somoe akaacha kuchambua, korosho iko mkononi. Jirani aliyekuwa anacheka ng'ambo ya ua akachungulia. Mimi sikunyanyua kichwa, nilikuwa naona miguu yake tu, na vidole vyake vilijikunja.

Kisha akasema kwa sauti ndogo ambayo sikuwahi kuijua, "Marahaba."

Akakaa chini. "Kwa hiyo ni kweli."

"Ni kweli."

"Kama Issa?"

"Sijui kama ni kama Issa. Ndiyo maana lazima waangalie. Issa alichelewa, na kuchelewa kwake nina mkono wangu." Nikamweleza yote, zile mara tatu, zile hatua kumi. Nilikuwa nalia, kamasi na machozi, mwanamke mzima na cheo changu. Aliokota korosho mbili akazitupa kwenye fungu, kisha akamgeukia mkewe. "Somoe, mpe Mapunda mwamvuli wake."

Hapo ndipo nilipoogopa kweli. Mtu anayerudisha cha mtani anafunga mahesabu yake ya duniani. Bi Somoe naye alielewa, hakwenda kuuchukua. Nikainuka nikasema, "Siutaki. Mwamvuli utaurudisha mwenyewe, Ruangwa, kwa miguu yako. Sasa vaa shati, bodaboda inasubiri."

Akavaa shati.

Rufaa walikuta uvimbe kwenye ukuta wa kibofu, haujazama ndani. Waliuondoa kwa kifaa kilichopitishwa kwenye njia ya mkojo, habari ambayo Hamisi amekuwa akiisimulia kwenye misiba, mikutano ya kijiji na mara moja, naambiwa, msikitini, na kila mara kifaa kinazidi urefu. Tumbaku aliacha. Ini lake ni la namna gani hatujui mpaka leo, ila yeye mwenyewe amekiri hadharani kwamba lazima lina damu ya Kingoni. Kuhusu Issa, alisubiri mwaka mzima. Siku moja, tumekaa tu, akasema, "Ulimtania vizuri kaka yangu. Hilo limekwisha." Hatujalirudia.

Anakwenda rufaa kuchunguzwa kila wanapomwita, na katikati ya safari hizo, mpaka nilipostaafu, alikuwa akileta kichupa chake Ruangwa nimwangalizie. Sasa tatizo ni hili. Tangu siku ile ya Mkotokuyana, Hamisi hasomi karatasi. Anasikiliza neno la kwanza litakalonitoka mlangoni. Nikimtukana, anajua yuko salama, anakwenda kunywa chai. Aliniambia wazi: "Siku ukiniamkia tena, nitajua. Kwa hiyo usije ukaniamkia kwa bahati mbaya." Miaka sita sijamwamkia hata Idi.

Binti anayepokea meza yangu ni Mhaya, amelelewa vizuri, anamwamkia kila aliyemzidi hata siku tatu. Nimemwonya kuhusu mzee mmoja mrefu wa Mkotokuyana. Nimemwambia, "Huyu akija, pima, kisha nipigie simu nimtukane mwenyewe." Anadhani namtania.

Siku yangu ya mwisho kazini walinikatia keki na kunisomea risala, yapiteni hayo. Saa tano Hamisi akaingia na Bi Somoe, kichupa mkononi, mwamvuli hana. Nikaingia ndani. Nilikaa na slaidi ile kuliko ilivyohitajika. Nikaisogeza kona hadi kona, nikazungusha mkojo uliobaki, nikatengeneza nyingine. Safi. Hakuna damu, hakuna chembe, hakuna kitu. Nikaifuta hadubini kwa kitambaa, nikaifunika kwa mara ya mwisho, na hapo ndipo iliponijia kwamba nataka kutoka nje nimuage kwa heshima zote, nimpe shikamoo, mzee huyu aliyenizidi miaka kumi na miwili, na kwamba ndicho kitu kimoja nisichoweza kumfanyia.

Nikafungua mlango. Amesimama, ameshika mgongo wa benchi, macho yako mdomoni kwangu. Bi Somoe tasbihi imesimama vidoleni.

"Wewe mla panya," nikaanza, "mkojo wako..." Sauti ikakatika. Machozi yakashuka yenyewe, mbele ya wagonjwa wote.

Hamisi akanitazama machozi, akanitazama mdomo, akashindwa aamini kipi. Uso wake ulikuwa kama siku ile ya korosho.

"Tukana tena," akasema taratibu. "Sijasikia vizuri."

Nikajifuta kwa mkono wa koti, nikavuta pumzi, nikamtukana tena, yeye na panya wake na wajomba zake wote watano kwenda juu, mpaka foleni ya dirisha la dawa ikageuka kutazama.